Petrarca na Laura: miaka 21 ya kupenda bila kupendwa, na karatasi zilizobaki

#1 Kalamu ya Unyoya

Wakuu, kila Petrarca akitajwa humu anamalizwa kwa mstari mmoja: mshairi wa Kitaliano aliyempenda mke wa mtu mpaka akazeeka. Mstari huo si uongo sana, ila umebana mno. Naweka kinachojulikana kwa hati. Wajuzi wa tarehe na wa arudhi waongeze au wapinge.

Francesco Petrarca alizaliwa Arezzo tarehe 20 Julai 1304. Baba yake, Ser Petracco, alikuwa mwandishi wa hati za kisheria Firenze. Alifukuzwa mjini mwaka 1302 kwa siasa za makundi, wimbi lilelile lililomtoa mshairi Dante. Mwaka 1312 familia ikahamia Provence, kusini mwa Ufaransa ya leo. Papa alikuwa ameshahamishia makao yake Avignon, na penye Papa ndipo palipokuwa na kazi za kuandika hati. Avignon ilikuwa imefurika watu, kwa hiyo mama na watoto walikaa Carpentras. Kijana alisomeshwa sheria Montpellier, kisha Bologna kuanzia 1320. Mwaka 1326 alirudi Avignon, na sheria akaachana nayo moja kwa moja. Jina la Petracco alilinyoosha likawa Petrarca ili lisikike Kilatini.

Sasa lile tukio. Tarehe 6 Aprili 1327, asubuhi, katika kanisa la Mtakatifu Klara mjini Avignon, alimwona Laura kwa mara ya kwanza. Tunajuaje? Hatuna rejista ya kanisa wala shahidi wa tatu. Tuna ukurasa mmoja.

Petrarca alikuwa na nakala kubwa ya kazi za Virgilio, mshairi wa kale wa Roma, iliyoandikwa kwenye ngozi, na picha yake ya mwanzo ilichorwa na mchoraji Simone Martini. Leo iko katika maktaba ya Ambrosiana, Milano. Kwenye ukurasa wa mbele wa kitabu hicho aliandika kwa Kilatini, kwa mkono wake, mambo haya:

Kwamba Laura alimtokea machoni mwaka 1327, siku ya 6 ya Aprili, saa za asubuhi. Kwamba katika mji uleule, mwezi uleule, siku ileile ya 6, saa ya kwanza, mwaka 1348, aliondolewa duniani, naye Petrarca akiwa Verona bila habari. Kwamba habari ilimkuta Parma tarehe 19 Mei asubuhi, kwa barua ya rafiki yake Ludovico. Kwamba maiti ilizikwa kwa ndugu Wafransisko siku ileile ya kifo, jioni. Na kwamba anayaandika hapo makusudi, kwa sababu ukurasa huo macho yake huurudia mara kwa mara.

Angalia alipoyaweka. Maelezo hayo yote hakuyaweka pamoja kwenye shairi wala kwenye barua ya kusomwa na watu. Aliyaandika kwenye kitabu alichokifungua mara kwa mara. Ukurasa huohuo una pia kumbukumbu ya siku kitabu kilipoibwa na siku kilipopatikana, 17 Aprili 1338. Yaani palikuwa mahali pake pa kuwekea hesabu ya vilivyopotea.

Jambo moja dogo linalopitwa na wengi: kwenye maandishi hayo jina si Laura, ni *Laurea*. Tutalirudia.

#2 Mpinzani wa Kudumu

Mkuu, uzi mzuri, ila tarehe hizo ni safi kupita kiasi. Siku ileile, mwezi uleule, kasoro tu mwaka? Halafu soneti ya 3 (soneti ni utungo wa mishororo 14) katika Canzoniere, kitabu cha tungo zake za Laura, inasema alinaswa siku ambayo miale ya jua ilififia kwa kumhurumia Muumba wake, yaani Ijumaa Kuu. Kuna mtu amewahi kuipiga hesabu hiyo Ijumaa?

#3 Hesabu za Kale

Nimeipiga, na haitoki. Naeleza njia ili kila mtu aihakiki mwenyewe.

Kwanza, msitumie kalenda ya simu. Simu nyingi zinarudisha nyuma kalenda ya sasa, ya Gregori, na ukiandika 6 Aprili 1327 zinakupa Jumapili. Wakati huo walitumia kalenda ya Juliasi, na katika karne ya 14 tofauti ya hizo mbili ilikuwa siku 8. Kwa Juliasi, 6 Aprili 1327 ni Jumatatu. Pasaka ya mwaka ule iliangukia 12 Aprili, kwa hiyo Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 10. Petrarca alimwona Laura Jumatatu ya Juma Kuu.

Kwa miaka mingine, sheria ya Juliasi ni nyepesi: kila mwaka wa kawaida unasogeza siku 1 mbele, mwaka mrefu (wa siku 366) unasogeza 2, na kila miaka 28 mzunguko unarudi palepale. Toka 1327 hadi 1348 ni miaka 21 na miaka mirefu 6 (1328, 1332, 1336, 1340, 1344, 1348). Jumla 27, toa saba tatu, zinabaki 6. Jumatatu ukiongeza 6 ni Jumapili. Laura alifariki Jumapili.

Mbona soneti ya 3 inasema Ijumaa Kuu? Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba ilikuwapo hesabu ya kale iliyoweka kusulubiwa kwenyewe tarehe 6 Aprili, siku isiyohama, tofauti na Ijumaa Kuu inayohama kila mwaka. Petrarca hakukosea siku. Alichagua kalenda iliyomfaa.

Na kuna lingine. Alivikwa taji la ushairi Roma, kwenye kilima cha Capitolio, 8 Aprili 1341, Jumapili ya Pasaka. Rudi nyuma siku mbili: 6 Aprili 1341 ilikuwa Ijumaa Kuu ya kweli. Hiyo piga mwenyewe kwa njia ya hapo juu, itatoka.

Halafu "saa ya kwanza". Watafsiri wa lugha za Ulaya huhangaika hapa, wengine huandika saa sita asubuhi kwa saa zao. Sisi hatuna shida. Saa ya kwanza ya Kanisa inahesabiwa tangu mapambazuko, sawasawa na saa yetu. Andika *saa moja asubuhi* uendelee na safari. Soneti ya 211 na ya 336 zote mbili zina saa hiyo: ya kwanza inataja alivyoingia katika tego, ya pili inataja alivyofariki mwenziwe.

#4 Mpinzani wa Kudumu

Asante kwa hesabu. Umenipa silaha: mtu anayechagua kalenda inayomfaa anaweza pia kuchagua mwanamke anayemfaa. *Laura*, *lauro* yaani mti ambao majani yake walivikwa washindi, *l'aura* yaani upepo, *l'auro* yaani dhahabu. Jina linalokaa hivyo kwenye kila tungo ni la mtu au ni la kutungwa?

#5 Kalamu ya Unyoya

Swali hilo aliulizwa akiwa hai. Rafiki yake Giacomo Colonna, askofu wa Lombez, alimwandikia kwa utani kwamba Laura ni taji analolitamani tu, mapenzi ni ya kubuni. Petrarca alimjibu kwa barua, ipo katika mkusanyo wa barua zake za kirafiki, kitabu cha 2, barua ya 9. Jibu lake kwa kifupi: laiti ingekuwa ni kujifanya, maana kujifanya kwa muda mrefu hivyo ni kazi nzito, na mtu hawezi kuigiza kusawijika. Mwandishi mwenzake Boccaccio naye aliegemea upande wa taji.

Hoja yako ya jina ni ya kweli, na mwenyewe aliikiri. Katika *Secretum*, kitabu cha mazungumzo ya siku 3 kati yake na Mtakatifu Augustino mbele ya Ukweli aliyekaa kimya, Augustino anamshutumu kwa minyororo miwili: mapenzi na tamaa ya sifa. Anamwambia waziwazi kwamba aliupenda mti wa lauro kwa sababu ya jina la yule bibi. Hiyo *Laurea* ya kwenye Virgilio inasomeka hivyohivyo: ni jina lake kwa Kilatini na ni jina la taji kwa wakati mmoja.

Ila kucheza na jina si ushahidi kwamba mwenye jina hakuwapo. Malenga wetu wanaofumba jina la mpenzi kwenye herufi za mwanzo wa mishororo nao tungesema wamebuni wapenzi wote? Yale maandishi ya kwenye kitabu cha Virgilio hayakuwa ya kusomwa na watu, nayo yana mahali pa kaburi, saa ya maziko na jina la aliyeleta barua. Mtu hajidanganyi kwa maelezo ya namna hiyo.

#6 Bint Shela

Kaka zangu, tumezungumza jina na kalenda. Bibi mwenyewe alikuwa nani, na alimjibu nini?

#7 Kalamu ya Unyoya

Dada, la kwanza lina jibu la "huenda". Anayetajwa zaidi ni Laura de Noves, mke wa Hugues de Sade wa Avignon, waliooana 1325. Aliyelijenga dai hilo kwa hati za ukoo ni padri wa ukoo huohuo wa de Sade, katika vitabu 3 vilivyotoka 1764 hadi 1767. Hakuwa mtu asiye na maslahi, basi lisomwe kwa jicho hilo. Kabla yake, mwaka 1533, mshairi Mfaransa Maurice Scève alitangaza kulipata kaburi la Laura katika kanisa la Wafransisko, na ndani kisanduku cha risasi chenye medali na soneti. Soneti yenyewe ni mbovu kiasi kwamba hakuna anayeamini ni ya Petrarca.

Padri de Sade alikuwa na nguzo moja nzuri. Katika *Secretum* Augustino anasema mwili wa bibi umechoshwa na kitu fulani cha kujirudiarudia. Neno lenyewe limefupishwa kwenye muswada: *ptbs*. Ukilifungua kuwa *partubus*, ni uzazi, na Laura anakuwa mke aliyezaa mara nyingi, jambo linaloafikiana na Laura de Noves wa watoto 11. Ukilifungua kuwa *perturbationibus*, ni masumbuko, na nguzo inaanguka. Herufi nne tu zimebeba ukoo mzima.

La pili ni jepesi na ni la kusikitisha. Hakumjibu kwa namna aliyoitaka. Kusanya matukio yote ya Canzoniere yanayoweza kuitwa matukio, yanaingia kwenye kiganja. Katika tungo ya 11, alipogundua hisia zake, bibi alianza kufunika nywele kwa shela. Katika soneti ya 199 na mbili zinazofuata, glavu yake inaangukia mikononi mwa mshairi naye analazimika kuirudisha. Kuna salamu anazopewa, kuna salamu anazonyimwa. Kuna picha aliyoichora Simone Martini, soneti za 77 na 78, ambayo mshairi analalamika kwamba inasikiliza lakini haisemi. Miaka 21, na hayo ndiyo yote.

#8 Bint Shela

Na watoto wake? Nasikia alikuwa nao wawili huku akilia juu ya Laura.

#9 Hesabu za Kale

Ni kweli. Giovanni alizaliwa 1337, Francesca 1343, kwa mama ambao hakuwataja majina. Kuoa hakuweza: alishapokea daraja ndogo za ukasisi, na riziki yake ilitoka kwenye mapato ya vyeo vya kanisa pamoja na utumishi kwa kardinali Giovanni Colonna tangu 1330. Giovanni alifariki kwa tauni 1361. Francesca ndiye aliyekaa naye uzeeni.

Wanaotaka kumfanya mtakatifu wa mapenzi huwaacha watoto nje ya habari. Wanaotaka kumfanya mnafiki huwataja wao peke yao. Yeye aliliweka jambo hilo wazi kwenye barua yake kwa watu wa baadaye: angependa kusema hakujua tamaa ya mwili, lakini akisema hivyo atakuwa anadanganya.

#10 Malenga Mkavu

Nimesoma hadi hapa, hakuna aliyegusa kazi yenyewe. Mapenzi alikuwa nayo kila mtu Avignon. Petrarca tunamsoma kwa sababu ya ufundi, na ufundi wake unapimika.

Kitabu chenyewe kwanza. Jina *Canzoniere* si lake. Yeye aliandika kwa Kilatini *Rerum vulgarium fragmenta*, vipande vya mambo ya lugha ya kawaida. Tungo 366: soneti 317, kanzone 29, sestina 9, balata 7, madrigali 4 (hizi nne za mwisho ni aina nyingine za tungo za Kitaliano). Sehemu ya kwanza 1 hadi 263, ya pili 264 hadi 366. Kosa la kawaida ni kuziita "Laura akiwa hai" na "Laura akiwa amekufa". Kifo chake kinaingia kwenye tungo ya 267. Ile ya 264, inayofungua sehemu ya pili, ni ya mtu anayejihoji roho yake, na Laura bado hajafa.

Sasa soneti. Hakuianzisha yeye; ilitungwa Sicily karne ya 13, katika baraza la mfalme Federico wa Pili, na anayehesabiwa kuwa wa mwanzo ni Giacomo da Lentini. Petrarca aliifunga vizuri. Mishororo 14: minane, kisha sita. Minane ya mwanzo vina vyake ni ABBA ABBA karibu kila mara. Sita ya mwisho ni CDE CDE au CDC DCD mara nyingi. Kwa hiyo kabla hujaanza unahitaji maneno 4 ya kina A na 4 ya kina B. Asiyeyaandaa pembeni hukwama mshororo wa 5, si wa 14.

Mizani ni 11 kila mshororo, mkazo ukiangukia silabi ya 10, na mwingine ya 4 au ya 6. Mfano ni mshororo wa kwanza wa kitabu:

*Voi / ch'a / scol / ta / te in / ri / me / spar / se il / suo / no*

Hesabu: 11. Mkazo wa 4 ni *ta*, wa 6 *ri*, wa 10 *suo*. Ukiihesabu Kiswahili-Kiswahili utapata 15, na hapo ndipo wengi hudhani Petrarca alikuwa hafuati mizani. Sababu ni mbili: irabu mbili zikikutana kati ya neno na neno humezwa kuwa mizani moja (*te in*, *se il*), na *voi* ni moja, *suo* ni moja. Kwetu *kuimba* ni ku-i-mba, tatu, hakuna kumeza.

Wazoefu wa shairi letu la mizani 16, nane na nane, hukosea jambo jingine: hutafuta kituo cha kati na kibwagizo. Soneti haina kibwagizo. Uzito wake uko kwenye mshororo wa 9, ambapo wazo linageuza shingo. Ukifika wa 9 na bado unaendeleza kisa cha wa 1, hujatunga soneti, umetunga beti tatu na nusu za tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti.

#11 Mpinzani wa Kudumu

Maalim, kuna uwezekano wa kuileta kwa Kiswahili bila kuiua?

#12 Malenga Mkavu

Upo, na kwa jambo moja tumewazidi majirani wa Petrarca. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kukosa. Tunga mshororo wa mizani 11 na mkazo wa 10 umejileta wenyewe. Mwingereza huutafuta kwa tochi.

Kwenye vina ndiko tunakoumia. Kwetu kina ni silabi ya mwisho: *salama* na *huruma* vinaafikiana kwa *-ma*, na shairi linapita. Kwa Mtaliano kina huanzia kwenye irabu yenye mkazo: *-ama* na *-uma* havina undugu. Ukitaka soneti ya Petrarca na siyo kivuli chake, lazima *salama* upate *lawama*, *huruma* upate *tuhuma*. Na epuka kufunga kwa viambishi vya kitenzi pekee, *nimwambie, nimngojee*, hizo ni vina vya bure.

Onyo kwa wanaojifunzia soneti ya 134, *Pace non trovo*, kwa kuwa ndiyo inayozunguka zaidi mtandaoni: vina vyake vya mwanzo ni ABAB, siyo ABBA. Ni mojawapo ya chache. Imetumika kama kielelezo cha soneti ya Petrarca na watu wasiohesabu.

#13 Bint Shela

Nimejaribu nne za mwanzo za hiyohiyo 134, kwa ABAB yake:

*Sina vita, wala sina amani,*
*Hofu na tamaa; moto, barafu;*
*Napaa juu, nami mchangani,*
*Dunia nimeshika, si sarafu.*

*Tamaa* nimeitumia kwa maana ya kale, kama ya kukata tamaa.

#14 Malenga Mkavu

Mizani 11 zote nne. *Amani* na *mchangani* ni kina kamili, *barafu* na *sarafu* kimezidi ukamilifu. Mshororo wa 3 nimeupenda kuliko wote: yeye analala ardhini, wewe umempeleka pwani.

Wa 4 una hitilafu. Petrarca anasema hashiki kitu, na ameikumbatia dunia nzima. Sarafu hana. Sarafu imekuja kwa sababu *barafu* ililazimisha, na msomaji ataisikia njaa ya kina. Dawa si kutafuta *-afu* nyingine, maana hazipo za kutosha. Badili mshororo wa 2 ili neno la mwisho liwe na ndugu wengi zaidi. *Moto*, kwa mfano.

#15 Hesabu za Kale

Wakati dada anatengeneza, niseme alivyotengeneza mwenyewe, maana hilo la kurudi kubadili ndilo lililokula maisha yake.

Maktaba ya Vatikani ina hati mbili zinazopasa kusomwa pamoja. Vat. lat. 3196 ni rasimu zake, karatasi 20, kwa mkono wake: mistari iliyokatwa, maneno mbadala yamepangwa pembeni, na vidokezo vya Kilatini kama *hoc placet*, hili linapendeza. Tungo ikishahamishiwa kwenye nakala safi, huikata kwa mstari na kuweka alama kwamba imenakiliwa. Huandika na siku. Kwenye kanzone ya 23, mojawapo ya zile za ujanani, ameandika kwamba imenakiliwa kwenye mpangilio baada ya miaka mingi, mingi sana, baadhi ya mambo yakiwa yamebadilishwa: 1356, Alhamisi jioni, 10 Novemba, Milano. Pima kwa Juliasi, ni Alhamisi kweli.

Vat. lat. 3195 ndiyo nakala safi, kwenye ngozi. Sehemu kubwa iliandikwa na mnakili wake, kijana Giovanni Malpaghini, aliyeanza 1366 na kuondoka 1367 kazi haijaisha. Petrarca akaendelea mwenyewe hadi mwaka wa kifo. Hata baada ya kumaliza hakutulia: tungo 31 za mwisho amezipa namba mpya pembeni, zisomwe kwa mpangilio tofauti na zilivyoandikwa. Kwa hiyo ukikuta matoleo mawili yanapishana kuanzia 336 kwenda mbele, si kosa la mchapaji. Moja limefuata ngozi, jingine limefuata namba za pembeni. Fuata namba.

Na hizo 366: ukiipa tungo ya 1 siku ya 6 Aprili na kuhesabu siku kwa tungo, ya 264, ile inayofungua sehemu ya pili, inaangukia 25 Desemba. Hakuandika popote kwamba alikusudia hivyo. Hesabu inakubali, basi.

#16 Mpinzani wa Kudumu

Hapo sasa ndipo ninaposalimu amri nusu. Laura huenda alikuwapo. Lakini mtu anayesahihisha machozi ya ujana wake akiwa na miaka 52, Alhamisi jioni, bado analia au anafanya kazi?

#17 Kalamu ya Unyoya

Anafanya kazi, na hakuficha. Soneti ya 364 inatoa hesabu kama ya duka: miaka 21 akiungua, miaka 10 akilia baada ya bibi kuondoka, kisha anajikemea kwa muda uliopotea. 1327 hadi 1348, halafu hadi 1358. Na tungo ya mwisho, 366, haimwelekei Laura, ni maombi kwa Bikira Maria.

Kinachochekesha ni kwamba alitegemea sifa zitoke kwingine. Alitumia miaka kwenye utenzi wa Kilatini uitwao *Africa*, juu ya jemadari wa Kirumi Scipio na vita vya Karthago (Afrika yenyewe ni ile ya Kirumi, ya kaskazini, tusijipe matumaini), na hakuumaliza. Taji la 1341 lilimpata kwa sababu ya Kilatini hicho, baada ya mfalme Roberto wa Napoli kumtahini. Tungo za Kitaliano aliziita vijimambo. Leo *Africa* inasomwa na wataalamu tu.

Kwa anayetaka kuanza kusoma, msianze 1 mkaenda mfululizo hadi 366. Mtachoka kwenye 40. Someni 1, 3, 35, 61, 90, kisha kanzone ya 126 ya maji ya mto Sorgue, kule Vaucluse alikoishi tangu 1337. Hapo rukeni hadi 211, 267, 336, 364 na 366. Ya 90 isomeni kwa sauti: nywele za dhahabu zimetawanywa na *l'aura*, na sikio halijui kama ni upepo au ni jina.

#18 Bint Shela

Maalim, nimebadili wa 2 na wa 4:

*Hofu, tamaa, barafu na moto,*
*Dunia yote mkononi, ni ndoto.*

#19 Malenga Mkavu

Wa 2 sawa, 11. Wa 4 ni 12: *m* ya *mkononi* inahesabika peke yake kama ile ya *mchangani*. Ondoa *ni* kabla ya ndoto.

*Dunia yote mkononi, ndoto.*

Hapo 11. Leta nne zinazofuata, na kumbuka A ni *-ani* bado, zimebaki mbili.